Namba Yangu Haigawanyiki

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu wa shule kaniita ofisini leo. Eti niandae swali la hesabu kwa ajili ya usaili wa Alhamisi. Swali moja. Moja tu! Nafasi ya ajira ya kudumu ni moja, waombaji ni wawili, na yeye anadhani mwalimu wa hesabu anapimwa kama chumvi ya mchuzi, kwa kuonjwa mara moja. Nikamwambia nitaleta. Sikubishana. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa jiografia, na aliwahi kuniuliza kama sifuri nayo ni namba. Mtu mzima, na kipara chake!

Waombaji sasa. Wa kwanza ni Suti. Jina lake sijui wala sina haja nalo. Alikuja wiki iliyopita kuleta maombi, tai inang'aa, viatu bado vinanuka duka. Wa pili ni mtu wetu wa hapa hapa, mwalimu wa muda, mwaka wa sita huu anafundisha vidato vya chini kwa mkataba wa kuongezwaongezwa. Mimi humwita Bwana Samahani. Hawezi kufungua mdomo bila neno hilo. Samahani, naomba chaki. Samahani, kengele imelia. Siku moja aligongana na mlango wa maktaba, akauomba radhi mlango — nilimwona kwa macho yangu mawili.

Mtu wa namna hiyo ndiye afundishe hesabu! Hesabu haiombi radhi.

Swali ninalo. Nilikuwa nalo kabla Mkuu hajamaliza kusema. Nitawapa namba yangu.

100,160,063.

Ndiyo niliyosajiliwa nayo chuoni, miaka thelathini na miwili iliyopita. Wenzangu walizisahau zao siku waliyohitimu. Mimi nilikaa nayo. Ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni kumi na saba, kwa hiyo tatu haiigusi. Tano, wapi! Saba — baki tatu. Kumi na moja — baki tatu. Kumi na tatu — baki tatu tena, utadhani inawafanyia mzaha. Likizo nzima ya mwaka wa kwanza nilikaa barazani kwa mama nikiigawa, namba tasa moja baada ya nyingine, daftari baada ya daftari, mpaka nikavuka elfu tano. Hakuna iliyoingia. Nikafunga madaftari. Tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Swali lenyewe: namba hii ni tasa au si tasa? Kama si tasa, taja vigawo vyake. Jibu la kusahihishia nimeandika neno moja. Tuone watakavyotoa kijasho.

Jumanne, 4 Juni

Kidato cha kwanza leo, somo la namba tasa. Kila mwaka lazima awepo mmoja. Safari hii ni msichana wa dawati la nyuma: mwalimu, tasa si mwanamke asiyezaa? Darasa likavunjika mbavu. Nikangoja wamalize. Nikawaambia tasa ni ile isiyokubali kugawanywa na kila apitaye. Kimya. Miaka ishirini na tisa jibu langu ni lile lile, na kimya ni kile kile.

Kama wanajua, wanajua. Potelea mbali.

Nyumbani wifi bado yupo. Alikuja kumsalimu kaka yake kwa siku tatu, na huu ni mwezi wa pili. Neno lile yeye halitamki, ana adabu zake za kinafiki. Husema "nyie mlio wawili tu." Nyie mlio wawili tu, sufuria lote hili la nini? Nyie mlio wawili tu, hicho chumba cha tatu mnakifanyia nini? Mume wangu anajitia hamnazo, macho kwenye simu. Mimi nasahihisha madaftari. Mtu hawezi kugawa kumi na mbili kwa tatu bila kutumia vidole, halafu ndiye wa kunionea huruma mimi!

Alhamisi, 6 Juni

Usaili. Saa tatu asubuhi, ofisini kwa Mkuu. Mkuu, mimi, na karani wa kuandika kila kinachosemwa. Mkuu, mkono birika yule, kaamua usaili uwe wa mdomo mtupu ili kuokoa karatasi. Chaki nazo zimekwisha tangu wiki iliyopita. Kila mwalimu anatembea na kipande chake mfukoni kama mvuta tumbaku. Simu tuliwanyang'anya mlangoni. Kikokotoo cha ofisi kina nafasi nane, na namba yangu ina tarakimu tisa. Haiingii! Nilikiweka mezani makusudi.

Akaanza Suti. Nikampa kikaratasi chenye namba. Akaitazama, akanitazama mimi, akatazama dari. Akasema ni tasa. Kwa nini? Kwa sababu, mheshimiwa, inaonekana tasa.

Inaonekana! Kama anachagua tikiti maji! Lakini jibu ni jibu. Mkuu akanigeukia, nikaitikia kwa kichwa huku natamani kumtoa nje kwa sikio.

Akaingia Bwana Samahani. Shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Samahani, nikae? Kaa. Akaipokea namba. Sidhani kama nusu dakika ilifika. Akatabasamu! Miaka sita sijapata kuyaona meno ya yule mtu. Akaanza kujipapasa mfukoni, anauliza kama anaweza kuandika ubaoni. Nikamwambia ajibu kwa mdomo, hatuna siku nzima. Basi akasema — nayaweka hapa kama alivyoyasema, maana upuuzi wa kiwango hiki lazima uhifadhiwe — samahani, mwalimu, si tasa. Ukiongeza moja unapata elfu kumi na nane mara yenyewe. Kwa hiyo ni elfu kumi na saba mara elfu kumi na tisa.

Loo! Nilicheka. Nilicheka mpaka miwani ikaniponyoka. Elfu kumi na saba mara elfu kumi na tisa! Jibu lina sifuri sita mkiani! Namba yangu inaishia na tatu, bwana, huoni? Tena hiyo yake inapita milioni mia tatu, yangu ni milioni mia moja na ushee. Mtoto wa darasa la nne angeona haya kulisema. Mkuu naye akacheka, ingawa naapa hakujua anacheka nini. Karani hakucheka. Aliandika tu.

Samahani, akaanza, nilimaanisha — Nikamkata. Asante, inatosha. Akainuka. Akakirudisha kiti mahali pake, akakinyoosha kikalingana na meza. Akatoka.

Ijumaa, 7 Juni

Imekwisha. Nafasi ni ya Suti. Mkuu atasaini barua Jumatatu saa nne. Bwana Samahani aondoke nyumba ya walimu kufikia Jumatano, na mkewe, na watoto, na vyombo vyote. Mkuu kalisema hilo huku anakoroga chai.

Alinivizia kwenye ujia baada ya kipindi cha tatu. Samahani, mwalimu, dakika moja tu, nikuonyeshe kitu. Mkononi kashika kipande cha chaki, anatafuta pa kuandika. Ukutani! Ukuta wa shule! Nikamwambia nenda karudie kuzidisha. Nikaenda zangu. Sikugeuka.

Kitu kimoja tu kinaniwasha. Ile nusu dakika. Mtu asiyejua hubahatisha kama Suti, au hukodoa macho. Huyu alitabasamu.

Upuuzi. Vichaa nao hutabasamu.

Jumamosi, 8 Juni

Daktari alimwambia mume wangu atembee hatua elfu kumi kila siku. Simu ndiyo inayohesabu. Na yeye hamzidishii daktari hata hatua tano. Zikitimia, anaketi hapo hapo alipofika, hata kama ni kwenye ngazi za jirani. Mvivu mwenye nidhamu.

Leo zimemtimilia sebuleni. Saa nne asubuhi, jasho linamchuruzika, kajitupa kwenye kochi. Elfu kumi na mbili! anatangaza. Wifi akampigia makofi, hongera kaka, hongera. Nikamwambia acha kutia chumvi. Kwa magoti hayo? Elfu kumi na mbili wangekurudisha kwenye machela. Akakasirika. Akanisukumia simu — haya, soma mwenyewe, mwalimu.

10,002.

Nikasema hizi si elfu kumi na mbili. Akasema ni ngapi basi? Elfu kumi. Na mbili. Wifi akadakia kutoka jikoni: si ndiyo hiyo, elfu kumi na mbili, kwani nyinyi wenye elimu mnasemaje?

Nikabaki nimeishika ile simu. Mume wangu ananiambia mke wangu, nipe simu yangu, umekuwaje?

Saa sita mchana. Nimejifungia chumba cha tatu, kile cha "mnakifanyia nini."

Elfu kumi na nane ya Bwana Samahani: 10,008 mara 10,008. Elfu kumi mara elfu kumi: milioni mia moja. Nane mara elfu kumi, kisha mara mbili: laki moja na elfu sitini. Nane mara nane: sitini na nne. Jumla 100,160,064.

Toa moja.

Ukitoa moja ni namba yangu.

Namba iliyozidishwa yenyewe kisha ikatolewa moja — lazima igawanyike kwa jirani yake wa chini na jirani yake wa juu. Hilo nalifundisha mimi! Kila mwaka, muhula wa pili, na mifano ninayo! Tisa mara tisa toa moja, ni nane mara kumi. Watoto wanalikariri wakitembea.

10,007 mara 10,009. Nimeizidisha kwa mkono mara nne. Nne, kama mwanafunzi anayeomba mwalimu awe amekosea. Mara zote nne imetoka ile ile. 100,160,063.

Yeye nusu dakika, bila kalamu. Mimi likizo nzima, nikafika elfu tano nikafunga madaftari. Mlango ulikuwa elfu kumi! Mume wangu na magoti yake anafika elfu kumi kila asubuhi. Mimi niliketi katikati ya njia nikajipigia makofi miaka thelathini na miwili.

Jumapili, 9 Juni

Mume wangu na wifi wamekwenda kumwona shangazi yao. Nimesingizia kichwa.

Nimeijaribu 10,007. Kuanzia mbili mpaka tisini na saba, tasa zote ishirini na tano. Zaidi ya hapo hakuna haja, mia na moja mara yenyewe inaipita. Ishirini na tatu, baki mbili. Ishirini na tisa, baki mbili. Sabini na tatu, baki sita. Tisini na saba, baki kumi na sita. Hakuna inayoingia. Tasa. Safari hii sikuishia njiani.

Kisha 10,009. Zote ishirini na tano tena. Tasa.

Tasa mbili zilizopishana kwa mbili. Kitabuni zinaitwa tasa pacha.

Pacha! Nimecheka peke yangu mle chumbani. Miaka yote hii mama mkwe anasema lake mpaka anaingia kaburini, wifi anasema lake, watoto wa kidato cha kwanza wanacheka lao, na mimi kila nikichomwa naikimbilia namba yangu. Nasema tazama, ni tasa na ni nzima, hakuna aliyeiweza. Kumbe muda wote ilikuwa na pacha ndani. Nimecheka, kisha nikalia, kisha nikajidharau kwa kulia. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu analilia namba!

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Niseme kweli, humu hakuna anayesoma.

Kumi na saba elfu — ningesikia maana moja. Elfu kumi, kisha akapumua, na saba — ningesikia nyingine. Yeye alisema kama sote tunavyosema, na nikasikia nilichotaka kusikia. Jibu lile lile lingetoka kwa profesa wangu wa zamani, ningeinama mbele nimwulize: unamaanisha ipi? Kwake sikuuliza. Alitafuta chaki nikamnyima ubao. Alitaka kueleza nikamkata. Alinifuata kwenye ujia nikamwonyesha mgongo. Hakuna kosa la lugha hapo. Ni dharau tu, dharau yangu, na nimeifuga vizuri, imenenepa.

Ninaona haya. Basi. Nimeandika.

Na naweza kunyamaza. Nani atajua? Mkuu wa sifuri? Suti wa kuchagua matikiti? Karani aliandika kwa maneno, nilimchungulia: elfu kumi na saba mara elfu kumi na tisa. Ukisoma hivi, mjinga. Ukisoma vile, sahihi. Atakayebishana ni mmoja tu, na huyo huiomba milango msamaha. Jumatano atafunga vyombo, atamwomba radhi mwenye gari kwa uzito wa kitanda, na habari itakuwa imekwisha. Jina langu litabaki safi. Nimebakiza miaka saba tu nistaafu.

Wifi karudi na mapapai. Ananiuliza kupitia mlangoni kama kichwa kimepoa. Sauti yake leo haikuwa na ubaya wowote, na hilo nalo limeniudhi.

Jumatatu, 10 Juni

Saa nne kasorobo. Ofisini kwa Mkuu. Naandika hapa hapa mezani, wanadhani ni maoni ya usaili.

Nimemwambia asisaini. Alikuwa ameshafungua kalamu. Akauliza kuna nini. Nikasema aitwe mwalimu wa muda arudie jibu lake. Mwalimu, akasema, si wewe mwenyewe ulicheka hapa mpaka miwani ikaanguka? Nikasema najua nilichofanya.

Suti yupo. Kaja kuchukua barua yake, na tai nyingine.

Bwana Samahani kaletwa na karani. Mikono ina vumbi, alikuwa anapanga vitabu kwenye maboksi. Hakukaa. Nikamwambia rudia jibu lako la Alhamisi, kama ulivyolisema. Akanitazama. Nadhani aliona ni mzaha mwingine, maana shingo ilimsinyaa. Lakini alilirudia. Samahani, mwalimu. Elfu kumi na saba mara elfu kumi na tisa.

Suti akacheka. Mkuu akafuata. Kicheko kile kile changu, hata pale pa kushika tumbo walipashika. Kisha wote wawili wakanigeukia, wananingoja na mimi nianze.

Ingekuwa rahisi! Kicheko kilikuwa karibu kabisa, kimeshanizoea.

Nikasema namba ile si tasa. Aliyekosea ni mimi. Nikarudia: ni mimi, na si Alhamisi tu, tangu chuoni. Karani aliinua uso. Mkuu akaacha kucheka polepole, kama feni iliyozimwa. Umekosea vipi, na jibu la kusahihishia ni lako? Nikamweleza. Elfu kumi, na saba. Elfu kumi, na tisa. Akaniambia mwalimu, usinichezee na nukta na mikato, barua imechapwa, muhuri umepigwa, huyu kijana kasafiri. Suti akasema lakini mimi nilisema tasa, na mwalimu aliitikia kwa kichwa. Ni kweli. Niliitikia.

Bwana Samahani anafuta vumbi la mikono kwenye suruali.

Sasa Mkuu kanuna. Anasema thibitisha. Hapa, ubaoni, aone kwa macho yake zile sifuri zimekwenda wapi. Na niandike kwa mkono wangu na nitie sahihi kwamba swali la shule lilikuwa na jibu la uongo na mwenye uongo ni mimi, alipeleke juu na jina langu. Ama sivyo saa nne ikigonga anasaini. Nikasema sawa. Nikaingiza mkono mfukoni.

Hamna chaki. Kipande changu kimebaki kwenye koti la Ijumaa. Karani hana. Mkuu ndiyo usiseme.

Bwana Samahani ametoka mbio kwenda kutafuta. Ubao uko nyuma yangu, mtupu. Mkuu anatazama saa, kalamu iko wazi. Suti anauliza kama barua yake ina nakala mbili. Naandika hapa nisipate kuwatazama.

Anarudi. Nasikia viatu.

Kaingia, anahema. Kapata kimoja, hakizidi ukucha. Nikampisha aende ubaoni. Haendi. Kasimama hapa mbele yangu na chaki kwenye kiganja.

Samahani, mwalimu, anasema. Andika wewe. Namba ni yako.